Vyumba Sita, Paa Moja

Kambi yetu ya Rudewa ilijengwa enzi za mkonge kwa ajili ya manamba, vibarua wa mkataba, na babu yangu alikuwa mmoja wao. Mkonge ulikufa, sisi tukabaki tunalima mahindi. Safu yetu ilikuwa vyumba sita chini ya paa moja, na kuta za ndani hazikufika juu. Ukikohoa cha kwanza, cha sita wanakupa pole. Jamani, siri haikuwapo! Nilipokuwa msichana nililia kwa hasira, maana hata kugombezwa nagombezwa mbele ya safu nzima.

Lilipokuja tangazo kwamba shamba limepata mwenyewe mpya na sisi tuondoke, kuta zile zile zikatufaa. Mikutano ilipigwa marufuku. Mgambo walizunguka uani, na ukionekana mlangoni kwa jirani unaitwa ofisini kujieleza. Basi jioni kila mtu alijilaza kwake, tukazungumza kupitia juu. Tukakubaliana: tingatinga likija, vyumba vyote vitoke pamoja, tukae kibarazani. Hawatabomoa juu ya watu wote. Mama yangu hakuwa na pengine pa kwenda. Siku hiyo alilala fofofo.

Halafu baba wa chumba cha tatu akapewa kiwanja Dumila. Akapanda juu mchana kweupe, akang'oa mabati yake. Nikawaka: "We baba, huna haya?"

Mama akanivuta kanga. "Mwache, ana watoto. Na umsalimie kwanza, ni mkubwa wako."

Nikatoa shikamoo. Akaitika marahaba bila kunitazama.

Pengo likabaki katikati ya safu. Sisi wa chumba cha kwanza na cha pili, mimi na mama, na jirani yetu mjane, tuliendelea kupanga na kuwaita wenzetu, tukipaza sauti kiasi tu cha mgambo kutosikia. Upande wa pili kimya. Nikamwambia mama huenda wametutosa.

"Koma," akasema. "Wale ni wenzetu."

Tingatinga lilikuja asubuhi, chai haijachemka. Tukatoka, tukakaa kibarazani watatu. Milango ya upande wa pili ikafunguliwa yote. Wakatoka na magodoro, masufuria, kuku kwenye tenga, wakapakia mkokoteni.

Mama akasimama. "Mnakwenda wapi?"

Mama wa chumba cha nne akatua sufuria. "Dada, si nyie mmeshakubali? Tangu mabati yatoke hatujasikia neno kwenu. Tukasema, kama wao wamenyamaza, sisi ni nani?"

"Tumewaita mpaka koo limekauka!"

Yule mama akatazama pengo la chumba cha tatu, sauti zetu zilipopotelea. Akageuka mbio kurudi ndani kwake, lakini mgambo alikuwa ameshamaliza kuung'oa mlango.