Ng'ombe Sita za Uwamariya Ndani ya Mashini

Ilikuwa mwaka wa 2020. Hapana, nakosea. Mwaka wa 2020 makanisa yalikuwa yamefungwa, na siku ya sala, dimanche ninayotaka kusema, kanisa lilijaa mpaka mulangoni. Basi ilikuwa 2022, wakati wa maharagwe mabichi. Hilo la kanisa mulishike.

Mimi nashona viatu. Natoka Ngungu, napita Rubaya, nafika Burungu, nakaa siku tatu ao kumi, kisha narudi. Burungu nilikuwa nakaa mbele ya chumba cha chama cha wafugaji, kwa ajili ya baraza yake, na kwa ajili ya Uwamariya, aliyenipa maziwa bila kuombwa.

Alikuwa mutoto wa palepale. Alisoma ordinateri Goma miaka mbili, akarudi baba yake alipokufa, maana mama alibaki peke yake na ng'ombe. Chama kikamupa kazi ya kutuma mesaji kwa telefone za wafugaji mia tatu: barabara imekatika, chanjo ni siku fulani. Hakutuma kwa mukono. Aliandika amri kwenye kioo cheusi, maneno matupu bila picha, na nyuma yake, ndani ya mashini, watumikaji sita wasioonekana walichukua mesaji moja-moja na kuzipeleka. Mesaji zilipanga mistari. Mutumikaji anachukua kwenye mustari aliowekwa, mustari mwingine hauangalii.

Aliwapa majina ya ng'ombe za mama yake: Gaju, Bihogo, Gitare na wenzao.

"Ukitaka wapumzike, unawazima tu?" nilimuuliza.

"Hapana, Papa. Nawaambia: maliza ile uko nayo mukononi, kisha ukae. Ukimukata kwa nguvu, mesaji inapotea."

"Sawa na kukamua."

"Njo hivyo. Wewe ungekuwa mutu wa ordinateri, Papa, kama viatu vingekuachilia."

Kila asubuhi aliwaita. Kioo kinajibu: sita wako, hakuna aliyeanguka. Hapo njo anakunywa maziwa yake.

Amri zote alimufundisha pia Védaste, mutoto wa baba yake mukubwa. Akamupa na neno lake la kufungulia mashini, ili siku yeye akiugua kazi isilale. Védaste alikuwa anatafuta kuwa prezida wa chama. Alikuwa mutu wa kucheka na kila mutu. Mimi pia nilimupenda.

Siku ya pili ya juma, Uwamariya akaandika mesaji ya chanjo: wote walete ng'ombe Burungu siku ya ine. Akaita watumikaji wake. Sita wako, hakuna aliyeanguka.

Siku ya ine dokta wa ng'ombe, Edmond, akafika na pikipiki, dawa iko ndani ya barafu. Tukangoja. Zilikuja ng'ombe za mama yake na za majirani wawili. Saa sita barafu ilikuwa maji.

"Wafugaji wako wapi, dada?" dokta akauliza.

Uwamariya akakimbia ndani. Nikamufuata na kiatu mukononi. Aliandika amri nyingine, ndefu, ile inayoonyesha kila mutumikaji iko kwenye mustari gani. Wote sita walikuwa wanapeleka mesaji moja, asubuhi na mangaribi: *Muchague Védaste, mutoto wa kwenu.* Mustari wa chanjo ulikuwa na mesaji mia tatu na hakuna hata mutumikaji mumoja wa kuzichukua. Njo maana hakuna aliyeanguka. Ng'ombe zote zilikuwa zinaitika, lakini zilikuwa zinakula katika shamba la mutu mwingine.

"Ni kaka," akasema polepole. "Na mimi njo nilimufundisha."

Nyuma ya wiki mbili, ndama za Bisengimana, mufugaji mumoja wa chama, zilikuwa zimekufa na vidonda kinywani, ugonjwa uleule wa chanjo. Ndiyo siku chama kilikutana kuchagua. Védaste akasimama na karatasi. Mashini inashika kila amri, na jina la aliyeitoa. Akasoma: dimanche ile mbele ya chanjo, saa tatu na nusu, watumikaji wote wametolewa kwenye mustari wa chama. Jina: Uwamariya.

"Musimukasirikie dada yetu," akasema. "Alichanganya tu. Kazi ilikuwa nzito kwake."

"Dada, ndama zangu uliachia nani?" Bisengimana akauliza.

Uwamariya alimuangalia Védaste tu. Huyo njo alibeba jeneza la baba wa Uwamariya, upande wa kichwa. Uwamariya akaweka ufunguo wa chumba juu ya meza, akatoka. Siku hiyohiyo wakamuchagua Védaste.

Mimi nikasimama. Mutu akasema, "Muzee, hapa hatushoni viatu," wakacheka. Nikauliza vilevile, na ningali nauliza kila nikipita Burungu, mpaka sasa wananiona na wanageuka. Dimanche ile, saa tatu na nusu, Uwamariya alikuwa mbele yangu kanisani, anaimba katika korali. Basi mukono wa nani uliandika jina lake?