Shafti Iliyojivuta Yenyewe
Mwaka ule shafti, ule mhimili uzungushao mashine ya kukamua miwa, ilivunjika mara tatu, kila mara upana wa kidole kutoka pale babangu alipoichomelea. Kiungo chenyewe kilikuwa kizima. Mwenye mashine, mama auzaye maji ya miwa Mwembe Tayari, aliileta karakanani kwetu Bondeni akaiweka mezani bila hata salamu.

"Vyuma vya siku hizi," babangu akamwambia. Lakini nilimwona, mimi niliyekuwa kwenye mashine ya kukereza vyuma, akiipapasa pale ilipokatika kama apapasaye jipu.

Mdogo wangu wa kike, asomeaye uhandisi ng'ambo, alikuwa nyumbani likizoni. Akamwomba babangu achomelee kipande kingine vilevile alivyozoea, akarudi nacho chuoni kukipima.

Miezi ikapita, akatupigia simu ya video. Nyuma yake palikuwa na ukuta mnene wa zege.

"Baba, hatukukikata. Tumekipiga kwa nyutroni, vichembe vinavyopenya chuma hadi ndani."

"Kama eksirei?"

"Eksirei ya kawaida ingeishia juujuu. Atomu za chuma zimejipanga safu safu. Nyutroni zikizigonga, huruka kwa pembe fulani. Safu zikiachana kidogo tu, pembe hubadilika. Ndivyo tunavyojua wapi chuma kimevutwa na wapi kimebanwa."

Nikaingilia, "Kipande hakijabeba mzigo wowote. Nani anakivuta?"

"Chajivuta chenyewe. Kilipopata moto kilitanuka, kilipopoa kikataka kunywea, chuma baridi cha kando kikakizuia. Ule mvutano umebaki mle ndani. Na mkali zaidi uko kando ya kiungo."

Babangu akasema taratibu, "Mwanangu, mimi hukimwagia maji kipoe upesi. Watu wana haraka."

"Maji huzidisha, Baba. Tena hukifanya chuma kuwa kigumu, kikatike upesi."

Kesho yake babangu alichomelea shafti mpya, akaipasha moto pande zote, akaifukia kwenye pipa la majivu ipoe polepole mpaka siku ya pili. Yule mama alipoifuata, babangu alimweleza waziwazi kuwa kosa lilikuwa lake yeye fundi, nami nikaona haya kwa niaba yake, kisha nikamwonea fahari. Shafti ile yazunguka hadi leo.

Mimi nilimpigia simu mdogo wangu nikamwuliza kama chuma nilichokereza bila moto nacho kina mvutano. Akacheka: "Upo, lakini foleni ya mashine hii ya nyutroni ni ndefu. Andika maombi ya kupimiwa."

Nimeandika.