Mwanamke Aliyetoboa Sikio la Ndama

Siku ile zizini tulikuwepo baba mdogo Masanja, mwenye ng'ombe. Mkewe, mama mdogo Minza. Jirani yetu mzee Luhende, ambaye hakukosa kutokea kila chungu kilipokuwa jikoni. Wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto. Mdogo wetu mwingine, Kabula, aliyekuwa darasa la sita. Mimi, mkubwa wao. Na mgeni mmoja, mwanamke aliyevaa suruali na mabuti. Nawataja wote kwa sababu nikisimulia siku hizi wanangu husema mama anaongeza chumvi. Walio hai waulizwe.

Tuliokua Nkoma enzi zile, tukiwa bado tunahesabiwa Bariadi, tunajua shule ilikuwaje. Mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine ufagio, mfukoni michembe ya viazi vikavu ya kutafuna njiani, migumu kama kokoto. Ijumaa wasichana tulibeba samadi ya kusiriba sakafu ya darasa. Mwalimu wa sayansi alipochora moyo ubaoni, wavulana walinakili. Sisi tulikuwa tumetumwa kisimani kumchotea mkewe maji. Tuliporudi moyo ulikuwa umefutwa. Jioni tulicheza kombolela nyuma ya marundo ya pamba, tukirudi na nyuzi nyeupe kichwani kama vikongwe, na hakuna aliyelalamika kwamba amechoshwa na masomo. Siku hizi mtoto anakaa kwenye dawati lake, sakafu ya saruji, na bado anasema mazingira si rafiki.

Mimi niliishia darasa la tano. Baba alitangulia, mama akamfuata, na wadogo zangu watatu walihitaji mtu wa kuwasongea ugali. Baba mdogo alituchukua, na sisemi vibaya juu yake. Alitulisha.

Kisha likaja soko huria. Malori ya wanunuzi wa pamba, kila mmoja na mizani yake, yakawa yanapishana barabarani, ghala la ushirika likafungwa, na josho la kijiji, tulikokuwa tukipeleka ng'ombe kuogeshwa, likakauka mpaka mbuzi wakawa wanalala ndani yake. Dawa ya kupe kila mtu ajinunulie. Baba mdogo alikuwa na chupa ya dawa ya kupulizia pamba iliyobaki msimuni. Akafikiri kwa akili yake: inaua funza, itashindwaje na kupe? Akaichanganya kwenye ndoo, akawaogesha ndama watatu. Kabla ya jua kuzama wawili walikuwa wamekufa, wakitoka mapovu. Wa tatu alibaki amelala, hali majani, mwili una joto.

"Kuna mtu ananitazama," alisema baba mdogo, na alishaanza kulitaja jina la jirani mmoja kuwa ndiye mchawi.

Kesho yake akaja yule mwanamke, kwa baiskeli, sanduku la mbao limefungwa nyuma. Alikuwa bwana mifugo wetu mpya. Ndivyo tulivyomwita, Bwana Mifugo, maana hatukuwa na neno jingine. Jina lake Agripina.

"Mwangaluka," alimsalimu baba mdogo, kwa Kisukuma cha kujifunza.

"Mwangaluka, mayu. Serikali imeishiwa wanaume?"

"Wapo, baba. Wameogopa matope. Naomba mtu anishikie huyu ndama sikio."

Hakuna aliyesogea. Mzee Luhende alicheka mpaka akakohoa. Ndipo Kabula, bila kutumwa, akaingia zizini na kulishika lile sikio kwa mikono miwili. Bi Agripina akalitoboa, akadondoshea damu kwenye kigae cha kioo, akakipaka dawa yake, akasema tusubiri. Nikaenda jikoni kuchemsha matobolwa, viazi vyetu vikavu. Alipoitoa hadubini sandukuni na kuielekeza juani, mimi nilikuwa nachochea moto, na hakuna aliyefikiria kuniita. Niliyasikia tu.

Baba mdogo alitazama kwanza. "Naona manyoya."

"Hizo ni kope zako, baba. Mpishe mtoto."

Kabula akachukua nafasi yake. "Visahani," alisema. "Vingi. Vingine vina kidoa pembeni."

"Hicho kidoa ndiyo ndigana," alisema Bi Agripina. "Kupe kamletea." Kisha akainamia ndoo, akanusa, akainuka. "Na wale wawili hawakuuawa na jirani, baba. Wameuawa na ndoo hii."

Baba mdogo lile jina hakulitaja tena, na yule ndama alichomwa sindano akapona.

Kabula ndiye hakupona. Tangu siku ile akawa anachungulia kila kitu: kupe, mbegu ya pamba, uchafu wa kucha za Doto. Alimaliza la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, na wiki hiyohiyo wakaja wageni kutoka Bukundi kuulizia mke wa kijana wao. Baba mdogo akaniita uani.

"Nimewalea. Zizi limepungua. Mdogo wako akienda huko atarudi na nini? Vyeti haviliki."

Bi Agripina alipopata habari alikuja mwenyewe, safari hii hakutania. "Baba, huyu ukimwoza, mimi nikiondoka ng'ombe wako atawatazama nani?" Naye aliondoka kweli, serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na yeye akawa miongoni mwao. Ikabaki mimi na baba mdogo. Nikamwambia baba mdogo kwamba Kabula anakwenda shule, na kwa kila msimu atakaokuwa huko mimi nitalima shamba lake la pamba kwanza, langu baadaye. Alinitazama, akadhani nitachoka. Nililima. Nilipalilia na mtoto mgongoni baada ya kuolewa. Mume wangu alinuna, nikamwacha anune. Shamba la baba mdogo halikuota magugu mpaka Kabula alipomaliza chuo.

Leo Kabula ni mtaalamu wa maabara ya mifugo, mjini mbali. Vitu wanavyoviona yeye na wenzake kwenye vioo vyao hata kuvitamka siwezi. Na mimi nina binti kidato cha pili, Limi, mwenye simu inayojua kila kitu, ambaye wiki iliyopita ameniambia ataacha fizikia na kemia.

"Mama, hayo si masomo ya wasichana."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. We unamjua nani?"

Hata shangazi yangu mwenyewe asingenijibu hivyo. Nikamwambia namjua mama yake mdogo, Kabula. Akacheka. Mama mdogo anayemjua yeye ni wa misibani, mwenye kitenge, anayeshuka kwenye gari, analia, anakula na kuondoka. Shule yao ina maabara yenye vigae na mabomba, na mlango wake umefungwa kwa sababu aliye na ufunguo amehama. Sisi tulikuwa na zizi, na mwanamke mmoja mwenye matope magotini. Huyo alitosha.

Mwalimu mkuu wa shule ya Limi ameomba Kabula aje asimame mbele ya wasichana hawa asubuhi moja tu. Mara ya kwanza alikuwa na kikao. Mara ya pili alisahau. Mara ya tatu alikuwa hotelini Arusha, kwenye semina ya kuhamasisha watoto wa kike wapende sayansi, akanitumia picha amevaa fulana iliyoandikwa hivyohivyo kifuani. Nilikaa na simu mkononi nisijue nicheke au niitupe.

Kila akipiga huniambia, "Dada, deni lako sitaweza kulilipa." Mimi nimekwisha kumwambia sidai kitu. Nililima kwa kupenda. Wanaomdai ni wasichana arobaini na kitu wa hapa Nkoma, na mwisho wa mwaka wanachagua masomo. Jana nimempigia tena. Ameniambia anaangalia ratiba.