Darasa la Mlango Mmoja

Phelista Nakhungu alikuwa amefundisha darasa la nne pale Bumula hadi akaanza kupokea watoto wa wanafunzi wake wa kwanza. Chaki aliijua kama mwiko wa ugali. Lakini Jumamosi ile ya Septemba, mwaka wa elfu mbili na sita, alipopanda ngazi za chuo kikuu mjini Bungoma, viganja vilimtoka jasho kama vya mtoto aliyeletwa shule siku ya kwanza. Chuo chenyewe kilikuwa tawi tu, vyumba vichache vya kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mabati yakishushwa huko chini, mwalimu wa juu hunyamaza mpaka kelele ziishe.

Hakuwa amemwambia mtu. Mume wake alikuwa amezikwa mwezi wa tano, na watu wangesema nini? Ati mjane hajamaliza mwaka, anaenda kukaa na vijana darasani. Hata Edinah, binti yake mkubwa aliyeolewa Kitale, hakuambiwa. Lakini marehemu ndiye aliyekuwa akimsukuma kila Januari: "Mama Edinah, enda usome. Mimi nitabaki na ng'ombe." Sasa ng'ombe walibaki na jirani, na Phelista akaenda.

Alikaa kiti cha mbele. Msichana mmoja wa mjini, Arafa, ambaye baba yake anauza vitambaa karibu na msikiti, akamjia.

"Sasa madam! Wewe ndiye lekchara wetu?"

"Hapana, mwanangu. Mimi ni mwanafunzi kama wewe."

"Haki? Basi songa tukae pamoja. Utaninyamazisha nikiongea sana."

Phelista alikuwa bado anacheka mlango ulipofunguliwa, akaingia Sifuna. Mume wa Edinah.

Nyinyi mlio wa Bungoma mmeshashika vichwa. Kwa wengine nitaeleza. Kwa Wabukusu, mama na mwanamume aliyemwoa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani, mmoja anaacha njia na kuingia hata kwenye mahindi. Wala si chuki. Ni heshima nzito, ambayo mtu akiivunja ovyo inasemekana hasara itawaangukia watoto. Na Edinah alikuwa na mtoto mmoja tu, Tonny, ambaye alihangaika sana kumpata.

Darasa lilikuwa na mlango mmoja, na Sifuna alisimama katikati yake. Phelista aliinamisha uso mpaka kwenye meza. Sifuna akainua faili, akajifunika nayo, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Huyo naye ameona simba?" Arafa akauliza.

Phelista akainua uso polepole, akafungua daftari. Mwalimu aliingia, Dokta Jelimo, mwanamke kijana wa upande wa Eldoret, akaanza kusema bila kuandika hata neno ubaoni. Phelista alijaribu kumfuata lakini macho yalikuwa dirishani. Nje, koridoni, kulionekana bega la mtu aliyebandika karatasi ukutani, akiandika amesimama.

Jumamosi iliyofuata Phelista hakuingia. Alikaa koridoni nyuma ya tangi la maji, amejitanda leso. Sifuna alipanda ngazi, akaiona leso, akaelewa. Akageuza uso, akaingia haraka. Ya tatu ikawa zamu ya Phelista kukaa ndani. Hakuna aliyepanga, na hakuna aliyemtuma mtu. Muhula wakaugawana hivyo, mmoja ndani, mmoja nje akiambulia maneno nusunusu.

Na muhula wenyewe haukuwa rahisi hata kwa aliyekaa ndani. Kazi ilitakiwa ichapwe, na Phelista hakuwa amewahi kugusa kompyuta. Kijana wa saiba, pale pa kukodi kompyuta, alimwambia, "Mathe, hiyo mausi usiifinye hivyo, haitoroki." Yeye aliyezoea watoto wasimame akiingia, sasa aliinua mkono apewe ruhusa ya kuuliza, na akiuliza, vijana wa nyuma wanaangaliana. Kuna wakati alisoma ukurasa mmoja mpaka giza likaingia, asijue umesema nini. Hapo ndipo alipomkosa mume wake zaidi, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba hajaelewa.

Arafa ndiye aliyeligundua jambo lao. Siku moja aliazima maandishi ya wote wawili, akayaweka pamoja.

"Mama, hii ni maajabu. Yako ina nusu, ya Sifuna ina nusu. Si mngeongea tu, bana?"

Phelista akamweleza. Arafa alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hakulizoea.

"Basi mimi nitapeleka," akasema. Tangu siku hiyo akawa anayabeba, ya huku kwenda kule, ya kule kuja huku.

Lakini mtihani hauendi kwa zamu. Ulipangwa mwisho wa Novemba, wote chumba kimoja, wakati mmoja. Phelista akampigia Edinah na kumfungulia kila kitu.

"Mama, najua," Edinah akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Baba Tonny ameniambia ataacha chuo. Amesema wewe ndiye umengoja sana."

Phelista alikata simu, akakaa chini pale pale kwenye ngazi za chuo. Alimjua kijana yule kwa kumsikia tu. Alijua anapanda gari kutoka Kitale kabla kuku hawajawika ili asome. Aache?

Akaenda kwa Wabwile, ndugu mkubwa wa marehemu. Kuna njia ya kuufungua mwiko huo. Wazee hukaa, mbuzi huchinjwa, mkwe na mama mkwe hupeana mkono mbele ya watu.

"Shemeji, njia ipo," Wabwile akasema. "Lakini nyumba yako iko kwenye kilio. Hatuwezi kuchinja mbuzi wa furaha kabla mwaka haujaisha. Ngojeni."

"Mtihani haungoji."

"Basi mmoja wenu angoje. Wewe usije ukaleta mkosi kwa huyo mjukuu, tafadhali."

Jumatatu Phelista alimwendea Dokta Jelimo, akamweleza mwiko wao, akaomba meza moja iwekwe koridoni.

"Mama, hapa ni chuo kikuu, si bomani kwenu."

"Najua, Dokta. Ndiyo maana nimeomba meza, sikuomba mtihani uahirishwe."

Jelimo akatazama chini. "Hata kwetu," akasema polepole, "mama yangu alikuwa anapitia nyuma ya nyumba baba mkwe wake akija. Nitaweka meza."

Siku ya mtihani Phelista alipanda ngazi mapema, koti begani kwa ajili ya baridi ya nje. Akasimama ghafla. Meza ilikuwa imeshakaliwa. Sifuna aliipa njia mgongo, uso ameugeuzia ukuta.

Arafa akaja mbio. "Mama, pita. Amesema yeye ndiye mtoto, yeye ndiye wa kukaa nje."

Phelista akavuta leso usoni, akapita nyuma yake bila kupumua. Ndani, akapewa karatasi.

Walikuwa hawajafika katikati mvua ilipoanguka, mvua ile ya upepo inayokuja kutoka upande wa Mlima Elgon. Iliingia koridoni kwa mshazari. Phelista aliisikia ikipiga meza. Akasikia mtu akikung'uta karatasi, kisha tena. Kalamu ya Phelista ikasimama. Akamfikiria Tonny. Halafu akamfikiria mume wake, ambaye hata ndama hakumwacha anyeshewe.

Akainuka, akageuza kiti chake kikatazama ubao. Akaketi, akasema kwa sauti ambayo darasa zima liliisikia, neno la kwanza kuwahi kumwambia mtu yule:

"Baba Tonny. Ingia ndani."

Nje karatasi zikaacha kukung'utwa. Kisha hatua nzito za viatu vilivyolowa zikaingia, kiti kikaburutwa nyuma kabisa, kikageuzwa. Wakaandika hivyo hadi mwisho, wamepeana migongo, yeye ubaoni, mkwe wake ukutani, chini ya paa moja.

Wengine walipotoka, wao walibaki wamekaa. Hakuna aliyejua nani atangulie. Arafa alisimama katikati.

"Mama, anauliza kama lile swali la mwisho umelifanya."

"Mwambie nimelifanya. Lilitoka Jumamosi yake."

Nyuma yake Sifuna alikohoa kidogo. "Mwambie mama kwamba la kwanza lilitoka Jumamosi yake yeye. Nalo nimelifanya."

"Mwambie ahsante," Phelista akasema. "Na mwambie mwezi wa tano, kilio kikiisha, alete mbuzi."

Akabaki akitazama ubao mpaka zile hatua zilizolowa zikashuka ngazi zote.