Mgonjwa wa Hewani

Mwalimu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini ana vidole vinene kama michi, lakini siku hizi anakanda hewa. Anavaa miwani ya kompyuta inayomwonyesha mgonjwa asiyekuwepo, na kila akimshika goti anamwomba radhi: "Pole, mama, nimekuumiza?" Wanafunzi wanaandika. Juzi shangazi yangu, mgonjwa wa kweli, miezi miwili hajapiga hatua, alikuwa kitandani akingoja zamu. Mara mwalimu akapaza sauti: "Hongera, mama! Umetembea!" Wanafunzi wakapiga makofi. Shangazi akashuka, akashika ukuta, hatua moja, mbili, tano, mpaka mbele ya mwalimu.

"Yuko wapi huyo aliyenitangulia kupona?"

Mwalimu, bila kuvua miwani, akanyoosha mkono kumzuia.

"Taratibu, bibi, utamkanyaga mgonjwa!"