Unga Uliolala kwa Mama Soda

Ijumaa mchana nilikanda unga wa skonzi kwa hamira, sukari, siagi na maziwa ya vuguvugu. Niliutia kwenye ndoo yenye kifuniko nikampelekea mama anayeuza soda hapa Sarang'ombe, aniwekee kwenye friji yake hadi asubuhi. Baridi huichelewesha hamira, na unga ukilala hivyo skonzi hutoka tamu zaidi. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa na mtindo huo, tulipokaa Kawangware.

Kufikia saa kumi nilikuwa nimeenda kuuchungulia mara nne.

"Mzee, hiyo unga haina miguu," mama soda akaniambia. "Ukifungua friji tena, utanunua kreti nzima!"

Wateja wakacheka. Nikarudi nyumbani, nikapanga viti viwili, nikavipangua. Binti yangu alikuwa amekubali kuja Jumamosi, na nilikuwa nimejiapiza kumwambia jambo nililolificha tangu akiwa darasa la saba.

Enzi hizo mama yake aliuza skonzi, na alikodi rafu moja kwenye friji ya muuza maziwa. Siku moja, akienda matangani, aliniachia beseni la unga. "Upeleke sasa hivi," alisema. Nikapitia kwanza kwenye drafti. Mchezo mmoja ukawa saba, na beseni liko juani kando yangu. Nilipokumbuka, unga ulikuwa umefura na kumwagika, unanuka kama pombe ya busaa. Mke wangu aliporudi nikamwambia nilimtuma binti yetu, akasahau. Akamchapa mbele ya wateja waliopanga foleni kuchukua skonzi zao. Mke wangu amezikwa akiamini hivyo.

Binti alifika saa nne asubuhi. Niliugawa unga kuwa madonge, nikayapanga kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Unga uliotoka kwenye friji hauingii motoni moja kwa moja. Sharti upate joto na kuumuka tena, karibu saa nzima. Nikasimama. Nikaketi. Nikachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

"Baba, si ukae! Unanizungusha kichwa."

Nikakaa, nikamwambia. Sikusingizia ujana wala marafiki. Nilisema ni mimi niliyeuacha unga juani, na ni mimi niliyemtaja yeye.

Akaigeukia sufuria.

"Mwalimu wangu alikuwa kwenye ile laini," akasema.

"Najua."

"Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni."

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

Akachukua mkoba wake akautia begani. Nikakurupuka, nikaishika sufuria niipeleke jikoni, nipange makaa juu ya kifuniko, angalau asiondoke mikono mitupu.

"Wacha," akasema.

Alibonyeza donge moja kwa ncha ya kidole, vile vile alivyokuwa akifanya mama yake. Alama ikajifuta mara moja.

"Bado. Ukichoma sasa zitakuwa mawe."

Akaifunika sufuria kwa kitambaa, akaketi tena. Mkoba hakuutoa begani.