Fungate ya Daraja la Pili

Mume wangu hakuwa bahili. Nalisema hili mapema kwa sababu dada zangu wanamwita mkono wa birika mpaka leo, na nimechoka kubishana nao. Bahili ana hela na hataki kuitoa. Yeye alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi tangu ujana wake kilikuwa kinapunguza watu, kundi baada ya kundi, na kila mara majina yalibandikwa kwenye ubao pale getini. Mtu aliyeshinda mwaka mzima akisoma majina ya wenzake, akingoja lake, hawezi tena kununua sukari kilo nzima bila kujiuliza mara mbili.

Jina lake lilipofika, akapewa kiinua mgongo. Wiki hiyohiyo, tukiwa tunakula, akatangaza kwamba anafikiria kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Alitangaza mbele ya wote: mama yake, dada yake na watoto wa dada huyo, wadogo zake wawili waliokuwa wakisoma kwetu, na watoto wetu. Mama yake akasema ni wazo zuri, mwanamume hakai nyumbani kama mtungi. Wadogo zake wakaanza kutaja viatu wanavyotaka. Mimi nikaendelea kugawa mboga. Hakuna aliyeniuliza, na yeye mwenyewe hakuniangalia.

Nilikuwa na neno moja la kumwambia, nalo ni kwamba sikutaka aende. Nilikuwa mwalimu, nina mshahara, mdogo lakini upo. Viwanda vya samaki vilikuwa vinafunguliwa mjini, watu wanachuuza mapanki, mifupa ya samaki inayobaki viwandani, wanachuuza mitumba, kila mtu anahangaika na maisha yanasogea. Tungehangaika pamoja. Wanaume wa mtaa wetu waliokwenda Dar kwanza walituma hela, kisha walituma barua, kisha salamu kwa mdomo wa watu, kisha basi. Nilimpenda mume wangu na niliogopa kuwa mke wa salamu.

Lakini ningemwambia wapi? Tuliishi Mkuyuni, hapa Mwanza, vyumba vitatu, na kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati. Ama fundi aliishiwa tofali, ama mume wangu aliona tofali za juu hazina kazi, sijui. Ukikohoa chumbani kwetu, mama mkwe anakupa pole toka chumbani kwake. Miaka yote ya ndoa yetu tulizungumza kitandani kwa kunong'ona, na yanayonong'onezeka ni mambo madogo: unga umebaki kiasi gani, ada ya nani haijalipwa. Kumwomba mume asiende, labda kulia kidogo, labda kugombana, hayo hayanong'onezeki. Na mchana hatukuwahi kukaa wawili hata kwa muda wa kumenya chungwa.

Ndipo nikakumbuka ahadi. Tulipofunga ndoa hatukupata fungate. Jumamosi tulikuwa kanisani, Jumatatu yeye alikuwa zamu ya asubuhi na mimi darasani. Wakati ule aliniahidi kwamba siku akipata hela ya mkupuo atanipandisha meli, twende Bukoba na kurudi, sisi wawili tu, tukilala humohumo melini kama watalii. Alikuwa kijana, anacheka sana. Sasa hela ya mkupuo ilikuwa imekuja, ingawa kwa njia mbaya. Nikamwambia natamani kulivuka ziwa. Sikumwambia kwamba ninachotamani hasa ni mlango mmoja unaofungwa.

Akafikiri siku kadhaa. Mume wangu hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, ila alipenda kuitimiza kwa bei ya jumla. Mwisho akasema twende, lakini safari ijilipe yenyewe.

Mama mkwe akauliza nani amefariki Bukoba. Nikamwambia hakuna. Akauliza nani anaoa. Hakuna. Tunakwenda kwa nani basi? Hatuendi kwa mtu, mama, tunatembea tu. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa asiyejijua. Kesho yake nikasikia kwa jirani kwamba tunakwenda Bukoba kutafuta dawa. Sikukanusha. Kwa watu wetu, kupanda meli bila msiba, harusi wala mzigo wa kuuza ni jambo linalohitaji maelezo, na dawa ilikuwa maelezo yenye heshima.

Mzigo wa kuuza ulipatikana upesi. Mume wangu alinunua gunia la mchele, alisikia Bukoba bei ni nzuri. Mimi nikachemsha mayai, nikakanda chapati, nikajaza chupa ya chai, maana alisema chakula cha melini wanauziana matajiri. Nikaweka kwenye begi gauni la maua nililochagua mitumbani kwa siku mbili. Soko huria lilitunyang'anya mengi, lakini gauni lile lilikuwa la kitambaa ambacho zamani hata mke wa meneja hakukipata.

Tiketi alikwenda kukata mwenyewe, kwenda na kurudi, akaja nazo zimekunjwa kwenye mfuko wa shati. Daraja la pili. Alieleza kwamba la kwanza ni vyumba vya watu wawiliwawili, vyenye sinki, lakini hela inayozidi ni ada ya mdogo wake ya muhula mzima. Kitanda ni kitanda, alisema, ukishasinzia hujui uko daraja gani. Sikubishana. Nilijua tu daraja la pili nako kuna vitanda na mlango.

Ijumaa jioni tukapanda. Mhudumu aliyesimama kwenye ngazi akaangalia tiketi zetu, akamwonyesha mume wangu upande wa kulia, mimi akanionyesha kushoto. Tukadhani amekosea. Akatueleza kwa upole, kama anayewaeleza wageni, kwamba vyumba vya daraja la pili ni vya watu wengi, kwa hiyo wanaume hulala na wanaume na wanawake na wanawake. Kila msafiri wa ziwa lile alilijua hilo. Sisi hatukulijua kwa sababu hatukuwahi kusafiri pamoja. Mume wangu akacheka kidogo, cheko la aibu, akasema ni usiku mmoja tu, mwalimu. Hivyo ndivyo alivyoniita mbele za watu.

Chumba changu kilikuwa na wanawake wengine watano, wote wafanyabiashara, wanajuana. Nikamwamkia mkubwa wao shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema nimesindikizana na mume wangu. Yuko wapi? Nikaelekeza ukutani, upande ule mwingine wa meli. Wakacheka, bila ubaya, na yule mama akanipa kahawa ya kutafuna ili moyo uchangamke.

Nikatoka kumtafuta. Nilimkuta chini kabisa, kwenye mizigo, amekaa juu ya gunia lake la mchele asije mtu akalichana. Tukala mayai yetu palepale tumesimama. Injini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba ili aniombe chumvi ilibidi apige kelele. Nyumbani neno langu halikuweza kunong'onwa, na hapa nilitakiwa nilipigie ukelele mbele ya wapagazi. Nikampa chumvi.

Bukoba mchele uliuzika kabla jua halijapanda. Mume wangu alifurahi kuliko nilivyomwona kwa miezi mingi, akawa anatembea kama zamani, mabega yamenyooka. Nikadhani sasa tutakwenda ufukweni, tutakaa. Yeye akaanza kutafuta ndizi za kurudi nazo. Akanipa kazi ya kulinda mikungu iliyokwisha kununuliwa, pale bandarini kivulini, na yeye akaenda kushindana bei ya mingine. Nilikaa na ndizi siku nzima nimevaa gauni langu la maua. Watu wawili waliniuliza nauza shilingi ngapi.

Kiunoni, kwenye pindo la kanga, nilikuwa nimefunga hela yangu ya upatu. Walimu wa shule yetu tulikuwa tunachangiana kila mwezi na zamu yangu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimepanga kununua kabati. Alasiri nikamwomba mama mmoja aniangalizie mikungu, nikaenda kwenye dirisha la tiketi, nikauliza kama kuna chumba cha daraja la kwanza. Kilikuwepo. Karani akasema tiketi zetu za daraja la pili hazibadilishwi, kwa hiyo nitalipa upya, zote mbili. Nikafungua pindo.

Kilikuwa chumba kidogo kizuri. Vitanda viwili vyenye shuka nyeupe, sinki, kioo, dirisha la duara. Nilifunga mlango nikasikia kimya. Nikakaa kitandani nikarudia maneno yangu kwa sauti, kama ninavyojiandaa mkaguzi anapokuja shuleni. Kisha nikaenda kumwita.

Akaja, akasimama mlangoni, akaangalia huku na huku. Akafungua bomba, maji yakatoka, akalifunga vizuri. Akaniuliza nimelipa shilingi ngapi. Nikamwambia. Akanieleza kwamba kitanda chake cha kule daraja la pili kimeshalipiwa na hakiwezi kulala bure, kisha akasema, ngoja, akatoka. Nilidhani anakwenda kufikiri, hasira zimpungue, arudi na begi lake. Nikachana nywele. Nikajipaka mafuta.

Mlango ukabishwa. Alikuwa ni mwanamke mnene mwenye vikapu viwili, na nyuma yake mume wangu amembebea sanduku. Mama huyu amekosa kitanda, alinieleza, amekubali kukilipia hiki cha pili. Akanitia noti mkononi, akanikunja vidole juu yake.

“Nimekuokolea nusu, mwalimu. Na kile kitanda chako cha kule kwa wanawake nacho nitakitafutia mtu.”

Uso wake ulikuwa unang'aa. Nataka hili lieleweke, maana dada zangu hawalielewi: alikuwa ananisaidia. Aliona mke wake amefanya kosa la hela, naye amelirekebisha bila kumgombeza. Nikasema asante. Mgeni wangu akapanda kitandani kwa mume wangu, akanisimulia habari za ushuru wa vitenge mpaka akapitiwa na usingizi, akaanza kukoroma. Nimekaa na upweke mwingi tangu siku ile, lakini sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa ndani ya chumba kile nilichokilipia mwenyewe.

Asubuhi meli ilisimama huku Mwanza tunaiona. Magugu maji yalikuwa yamejaa mlangoni mwa bandari, kijani kitupu kama shamba, ikabidi tusubiri upepo uyasogeze. Yule mama akatoka kwenda kuangalia mizigo yake. Mume wangu akaja na chai iliyobaki, akakaa kwenye kitanda cha pili, akabonyeza godoro kwa kiganja, akasema kweli hapa ni pazuri. Watu walikuwa wanapita na mikungu na makapu wakigonga mlango wetu, akanyoosha mguu akausukuma, ukajifunga.

Tukawa wawili. Sikukumbuka hata neno moja katika yale niliyoyaandaa.

“Usiende Dar,” nikasema.

Hakushtuka. Alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, taratibu, asimwage, akanipa mimi kwanza.

“Tiketi ya treni nimeshaikata,” akasema. “Niliikata siku ileile niliyokata za meli, ili nisipoteze nauli ya kwenda mjini mara mbili. Nao hawarudishi hela.”

Nikashika chai. Nilitaka kulia na sikulia, kwa sababu nilikuwa natafuta kwenye uso wake kama amehuzunika au amefarijika kwamba tiketi imemjibia. Sikuona. Akaangalia nje ya lile dirisha la duara, kwenye magugu.

“Ungeniambia mapema.”

“Ningekuambia wapi?”

Akaangalia vile vitanda viwili, sinki, mlango. Akaniangalia mimi, gauni langu, nywele zangu nilizozichana jana yake zikalaliwa. Ilikuwa mara ya kwanza aniangalie tangu tulipoondoka Mkuyuni, na nikaona kitu kinamwingia pole pole, kama mtu anayepiga hesabu yake upya na kuona pale alipokosea.

“Kumbe,” akasema.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumanne akapanda treni.